Sakafu Niliyoipaka Mwenyewe

Nikiingia mahali popote, macho yangu huenda chini kwanza. Kanisani, benki, nyumbani kwa wakwe, kabla sijasalimia mtu nimeshaikagua sakafu. Zamani mke wangu aliona haya, akidhani wenyeji watafikiri natafuta kitu cha kuokota. Siku hizi huwaambia tu kwamba mzee wake alifanya kazi hospitalini, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu. Kwa kiasi fulani linaeleza.

Watu hudhani sisi wa hospitali tunaumizwa na magonjwa. Hata sisi wenyewe tulidhani hivyo. Chuoni tulifundishwa kuogopa sindano, kuogopa makohozi ya kifua kikuu, kuogopa asidi. Hakuna mwalimu aliyetuambia tuogope sakafu. Lakini katika miaka yangu thelathini na miwili maabara, wenzangu niliowaona wakiumia vibaya wengi wao walianguka tu. Muuguzi mmoja alianguka kwenye ngazi za kwa dobi, mikono imejaa shuka. Mpishi alianguka mlangoni pa jikoni, pale maji ya kuoshea sukuma wiki yalipomwagwa kila siku na kila mtu akiyaona. Mtu akianguka alipanguswa koti, akachekwa kidogo, kazi ikaendelea. Mtu mzima akianguka huona aibu kwanza, maumivu huyasikia baadaye.

Hapa nitasimulia kuanguka kwa mtu mmoja tu, kwa sababu huko kulikuwa na mkono wangu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilitoka chuoni na koti jipya jeupe, nikapelekwa hospitali moja ndogo huko juu Embu, mahali mashamba ya chai yanapoishia na msitu wa mlima unapoanzia. Wagonjwa wetu walitoka Kibugu, Kianjokoma, na vijiji vya katikati. Mimi ni mtu wa Mbeere, kule chini kwenye joto, ambako mvua ikinyesha inakuwa habari ya wiki nzima. Kwetu udongo ni mchanga. Unakung'uta kiatu, unaingia ndani. Huko juu matope mekundu yalishika kiatu kama ugali unavyoshika mwiko, na miezi yangu ya mwanzo nilitembea kama mtoto anayejifunza, wenyeji wakinitazama kwa huruma na kicheko pamoja.

Mkuu wa maabara alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo hata daktari aliitii. Sote tulimwita Mama. Aliijua maabara ile tangu ilipokuwa meza moja na hadubini moja iliyotegemea jua la dirishani. Alikuwa na binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akiishi naye kwenye shamba lao dogo la chai ng'ambo ya mto. Kila asubuhi Mama alivuka mto ule kwa miguu, na kila jioni akaupanda mlima kurudi.

Sakafu ya maabara yake ilikuwa ya saruji nyekundu. Kila Jumamosi mchana, wagonjwa wakishapungua, mfagizi wetu aliipaka polishi ya mkebe, akaiacha ilale. Jumapili akitoka kanisani alirudi na kipande cha blanketi kuukuu, akakikanyaga kwa miguu yote miwili, akateleza nacho huku na huku kama anacheza ngoma, mpaka sakafu ikauka na kung'aa ukaona kivuli cha dirisha ndani yake. Mama hakuruhusu polishi siku ya kazi. Alisema polishi mbichi haina tofauti na mafuta ya kupikia. Hilo aliniambia wiki yangu ya kwanza, na siwezi kusema sikusikia.

Na kwa sababu ya sakafu hiyo, hakuna aliyeingia na viatu. Gambuti zetu, zile buti za mpira za kukanyagia matope, zilikaa nje ya mlango juu ya gunia, zimepangwa mstari. Kwetu sote, wa Embu, wa Mbeere, wa Meru, nyumba ya mtu haiingiwi na matope. Mgeni atavua hata kama mwenyeji anamkataza, na mwenyeji atamkataza hata kama anaomba moyoni avue. Mama alisema maabara ni nyumba kama nyumba nyingine. Bibi vikongwe walioleta makohozi walivua viatu vyao pale mlangoni bila kuambiwa, wakaingia kwa adabu na vikopo vyao mkononi. Kabatini tulikuwa na kitabu cha kanuni kilichosema mfanyakazi wa maabara avae viatu vilivyofunikwa, vyenye soli ya mpira. Tulikijua. Tulisema kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuyaona matope ya mwezi wa nne.

Kwa hiyo tulifanya kazi na soksi. Mama alizifuma mwenyewe, za sufu ya kijivu, nzito, saa za chakula cha mchana au alipokuwa akingoja rangi ishike kwenye slaidi. Mimi alinipa jozi yangu mwezi wa pili. Hakuwa amenipima. Alinitazama tu miguu siku moja nilipokuwa nimekaa, akaenda akafuma, na zikanienea. Nilikuwa mbali na kwetu, na mama yangu mzazi alishafariki. Nilizipokea kwa mzaha, nikaenda kulia chooni.

Alinifundisha mambo mengi, lakini moja alilirudia mpaka nikaliota. Sampuli kwanza. Unapobeba damu ya mtu, alisema, ishike kifuani. Ukijikwaa, jiache uende, lakini usiiache sampuli. Wewe utapona. Yule mgonjwa hatadungwa mara ya pili kwa uzembe wako.

Neno lake lingine lilikuwa la kustaafu. Mkuu aliyemtangulia alitolewa pale kwenye machela baada ya kupooza upande. Aliyemtangulia huyo alifia kazini. Mama alikuwa amebakisha mwaka mmoja na miezi kidogo, na kila alipochoka alivinyoosha vidole vyake na kutuambia kwamba yeye atakuwa wa kwanza kutoka maabara ile na miguu yake. Atavaa gambuti zake pale mlangoni, avuke mto, aende akachune majani na binti yake. Tulimcheka, tukamwambia atarudi baada ya wiki kutuuliza kama tumefunika hadubini. Naye alicheka. Lakini nilijua hakuwa akitania. Hakuwahi kuomba kitu kingine.

Jumanne moja ya mwezi wa tano tuliambiwa kwamba kesho yake wageni watakuja kutoka ofisi ya mkoa kukagua. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa. Mfagizi alikuwa kwao akimzika kaka yake, na sakafu kutoka mlangoni mpaka meza ya kwanza ilikuwa imekwaruzika, polishi imekwisha, ikabaki na rangi ya kutu. Mimi sikuwa nimethibitishwa kazini bado. Niliiangalia ile njia ya kutu nikaona aibu, na ndani ya aibu nikaona nafasi. Nikasema Mama akiingia kesho aikute inang'aa, aulize ni nani, wenzangu waseme ni mimi.

Jumatano nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya mtu yeyote. Nikatoa mkebe stoo, nikapiga magoti, nikapaka. Nilipaka nyingi. Sikuwa mzoefu, na nilidhani nyingi ndiyo nzuri. Nilikuwa nimeanza kuisugua kwa kitambaa karibu na meza wakati muuguzi alipokuja akikimbia, mama mmoja aliyejifungua alikuwa anapoteza damu na walitaka nikamtoe damu ya kupimia kundi lake. Nikaondoka na kitambaa mkononi. Nilijua nitarudi upesi. Mlangoni palikuwa na kiti cha wagonjwa, kiti cha mbao. Ningekivuta tu kikae katikati ya mlango. Nimekivuta kiti kile maelfu ya mara tangu siku ile, nikiwa kitandani macho yakiwa wazi.

Nilikaa wodini zaidi ya nilivyodhani. Nikirudi, damu ile ikiwa kwenye mfuko wa kifua wa koti na kitambaa bado mkononi, nilimwona Mama mbele yangu kwenye ujia, anatembea kwa haraka yake ya kawaida. Alikuwa amepitia wodi ya watoto, ambako daktari alikuwa amemtoa mtoto mmoja maji ya uti wa mgongo, mtoto mwenye homa na shingo ngumu, na Mama alikuwa ameibeba ile chupa ndogo mwenyewe badala ya kungoja iletwe. Alifika kwenye gunia. Akavua gambuti moja, akavua ya pili, akazipanga. Kati yangu na yeye palikuwa na hatua tano.

Ningeita. Neno lilikuwa fupi, Mama ngoja, basi. Lakini kuita kulikuwa ni kukiri kwamba nimepaka polishi siku ya kazi, kinyume na neno lake, na mimi nikauambia moyo wangu kwamba pengine imeshakauka. Hayo yote niliyawaza katika muda wa mtu kuinua mguu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwaza mengi hivyo na asiseme hata moja.

Hakupiga kelele. Mguu wa kushoto ulimtoka mbele, soksi ikateleza kwenye polishi, mwili ukafuata. Mkono wa kulia ulibaki juu umeishika ile chupa, na mkono wa kushoto, badala ya kwenda chini kumzuia, ulikimbilia kuusaidia wa kulia. Hakuna mkono uliokwenda sakafuni. Nyonga ilifika peke yake. Nilisikia kitu kama kuni kavu inapovunjwa kwa goti.

Nilipomfikia uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini mikono yote miwili ilikuwa bado juu.

"Chukua hii kwanza," akaniambia. "Ni ya mtoto."

Nikaichukua. Nikapita kandokando ya ukuta, mahali ambapo nilijua sikupaka, nikaketi kwenye hadubini. Maji ya uti wa mgongo hayangoji, hilo ni kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini nimezeeka sasa na sina sababu ya kujipamba. Nilifurahi kupata mahali pa kuelekeza uso. Nilimwita muuguzi kwa sauti, nikainamisha kichwa kwenye kazi. Watu walikuja wengi, na viatu vyao vyenye matope, wakakanyaga kila mahali. Mmoja wao aliteleza kidogo, akajishika kwenye meza, akaendelea. Miguu yao iliifuta kazi yangu yote. Walipomwinua walipita nyuma ya kiti changu, nikasikia pumzi yake, na sikugeuka. Nikapima kundi la yule mama pia, kisha nikaandika majibu ya mtoto. Usaha ulikuwepo na vijidudu vilikuwepo, mtoto akaanza dawa saa ile ile. Baadaye niliambiwa alipona, ingawa sikio moja halikurudi. Sijui alifika wapi katika maisha.

Mchana niliipangusa sakafu kwa mafuta ya taa. Wageni hawakuja siku hiyo. Walikuja wiki iliyofuata, mfagizi akiwa amesharudi, na mmoja wao akasimama mlangoni na viatu vyake miguuni akasifu jinsi sakafu yetu ilivyong'aa.

Mama alilazwa hospitali kubwa mjini, mguu umefungwa kamba zenye mawe ya kuuvuta. Ulipita mwezi, ukapita wa pili. Wafanyakazi tulikuwa tukimtembelea kwa zamu, tukibeba uji na nduma za kuchemsha. Kila aliyekwenda alirudi akisema ajali haina kinga. Nimelisikia neno hilo kwenye matanga mengi na ni neno la huruma, lakini siku hizo lilinichoma kila lilipotamkwa. Ile ilikuwa na kinga. Ilikuwa kiti cha mbao.

Wiki ya tatu nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda chake wakati karani wa hospitali yetu alipofika na kitabu cha ajali. Alikuwa mtu mwema, alijisumbua kuja mpaka mjini ili mambo yaandikwe akiwa bado anakumbuka. Akamwomba aeleze ilivyokuwa. Mama alinitazama mimi kwa muda, kisha akamtazama karani.

"Andika niliteleza," akasema. "Nilikuwa na soksi."

Karani akaandika polepole, kwa mwandiko wake wa shule. Akaniuliza mimi. "Wewe ndio ulikuwa karibu. Kuna kitu ya kuongeza?"

"Hakuna," nikasema.

Akanipa kalamu, nikatia sahihi mahali pa shahidi.

Miezi michache baadaye ilikuja barua ya Mama kutoka ofisi ya mkoa. Ilisema kwa lugha ya heshima kwamba mfanyakazi alikuwa hana viatu vinavyotakiwa na kanuni, kwa hiyo ajali ilitokana na uzembe wake mwenyewe, na kwa kuwa hawezi tena kusimama kazini, anapumzishwa kwa sababu za afya. Sherehe ya kumuaga haikufanyika. Vitu vyake, kikombe, miwani ya kusomea, sindano za kufumia na donge la uzi wa sufu, tulivitia kwenye katoni na dereva akavipeleka. Gambuti zake zilibaki mlangoni juu ya gunia mpaka Krismasi, hakuna aliyetaka kuzishika. Mwisho nilizipeleka mimi, nikamkabidhi binti getini, sikuingia.

Mimi nilithibitishwa kazini. Mwaka wa pili nikapewa kiti chake, kwa sababu nilifundishwa naye na kila mtu alisema mikono yangu ni kama yake. Jambo la kwanza niliamuru watu waingie na viatu, na polishi ikome. Kwa kanuni nilikuwa na haki. Sakafu ikawa ya kijivu, ikapasuka hapa na pale, na wale bibi vikongwe walisimama mlangoni wakiitazama, hawajui kama wavue. Mfagizi hakunisemesha kwa mwezi mzima. Aliona nimeibomoa nyumba ya mtu asiyeweza kurudi kuitetea, na sikuweza kumweleza.

Mwaka ule wa kwanza nilikwenda kwa Mama mara tatu. Kila mara nilipanda kilima nikiwa na maneno yangu tayari, na kila mara tuliongea juu ya bei ya majani, na mchungaji mpya, na nani ameoa. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, na kando yake chuma cha miguu minne cha kujikongojea mpaka chooni. Alikuwa akinyamaza ghafla katikati ya maongezi, akaniangalia. Mimi nilijaza ukimya kwa swali jingine. Mara ya tatu nilitoka pale nikakaa chini kwenye njia ya chai, mvua ikininyeshea, nikajichukia. Basi nikaacha kwenda. Nilijiambia nina kazi nyingi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kazi.

Mwaka wa nne tuliletewa msichana kutoka chuoni, mchangamfu, mwepesi wa kazi. Asubuhi moja mfagizi alikuwa amemaliza kupiga deki na msichana akaingia mbio na trei ya chupa, akateleza, akakaa kitako sakafuni. Hakuumia sana, kifundo cha mkono tu. Kabla hatujamfikia alikuwa ameshaanza kusema ni makosa yake, hakuangalia, tumsamehe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilimwambia si makosa yake, sakafu ilikuwa na maji na hakuna aliyeweka alama. Alinitazama kama mtu aliyesemewa lugha ya kigeni. Nikaomba kitabu cha ajali kwa karani ili niandike hivyo hivyo, kwamba sakafu ilikuwa na maji.

Kitabu kile kilikuwa hakijajaa hata nusu. Watu walianguka kila mwezi, lakini nani aandike aibu yake. Nilipokuwa natafuta ukurasa mtupu nilirudi nyuma mno, nikauona mwandiko wa karani. Aliteleza akiwa na soksi. Chini yake, mahali pa shahidi, jina langu, limetiwa kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Nilikuwa nimejiambia kwa miaka minne kwamba siku ile nilitetemeka.

Jumamosi hiyo nilivuka mto.

Binti yake alinifungulia. Hakuwa na uso wa kunilaki. Aliniambia mama yake alikuwa ameanza kuuliza kama nimekufa na wanamficha. Nilivua viatu mlangoni. Sakafu ya sebule yao ilikuwa nyekundu, inang'aa, na nilitembea juu yake na soksi zangu za dukani kwa hatua ndogo ndogo kama mzee. Mama alikuwa pale pale dirishani. Alikuwa amekonda, na mguu mmoja ulikuwa umekuwa mfupi kuliko mwenzake, ukikaa juu ya kistuli.

Sikukaa. Nilijua nikikaa tutaongea juu ya majani. Nilisema nikiwa nimesimama, kuhusu mkebe, kitambaa, kiti cha mbao, hatua tano ambazo sikuita, na sahihi yangu kitabuni. Nilisema kwamba soksi tu zisingemwangusha, kwamba alizivaa miaka ishirini bila kuanguka, na kwamba barua ile haikumhusu yeye, ilikuwa yangu. Yeye alitazama nje muda wote.

"Nilijua hiyo siku," akasema mwishowe. "Niliona kitambaa kwa mkono yako. Ilikuwa nyekundu."

Nikamuuliza kwa nini basi alimwambia karani vile.

"Ulikuwa hujathibitishwa. Nikasema wacha nikae na hii maneno siku mbili tatu, huyu mtoto apate nguvu aseme mwenyewe." Aliponitazama, macho yake yalikuwa makavu na makali kama zamani. "Nimekungoja kwa hii kiti miaka nne."

Nililia. Hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Mama akamtuma akalete kitu kilichokuwa chini ya kitanda, akarudi na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa uzi wa sufu. Karatasi ilikuwa imegeuka njano. Akanipa nifungue.

Zilikuwa soksi za kijivu, zile zile nzito za maabara. Lakini chini yake, kutoka kidoleni mpaka kisiginoni, alikuwa ameshonea mpira wa tyubu ya gurudumu la gari, ameukata kwa umbo la mguu, akautoboa pembeni kwa msumari, akaushona kwa uzi wa nta tundu kwa tundu. Kwenye mpira alikuwa amekata mistari kwa kisu, kama ile ya chini ya gambuti. Nondo walikuwa wameshaikula moja kisiginoni.

Aliniambia alizishona mwaka ule wa kwanza, mara tu alipoweza kukaa. Alifikiri nikija kusema atanipa nizipeleke, wenzangu waone namna zinavyoshonwa, kila mtu ajishonee zake, na watu waendelee kuingia pale bila matope na bila kuanguka. Mara tatu nilizokwenda, kifurushi kilikuwa chini ya kitanda. Sasa alikuwa amesikia kwamba watu wanaingia na viatu, na nyumba imepasuka. Hilo alilisema taratibu, bila hasira, na ndilo lililoniuma kuliko miaka minne.

"Vaa," akasema.

Nikaketi kwenye sakafu nikavua zangu, nikavaa zake. Alikuwa hajanipima safari hii pia, na zilinienea.

"Sasa tembea mpaka mlango nikuone."

Nilisimama. Nilitembea juu ya ile sakafu nyekundu mpaka mlangoni, nikageuka, nikarudi. Hakuniangalia usoni hata mara moja. Aliangalia miguu yangu, hatua kwa hatua, akiwa ameinama mbele kidogo na mkono wake umeshika kile chuma.

"Rudia tena," akasema. "Usiogope. Tembea kama mtu anaenda nyumbani."

Nikaenda tena mpaka mlangoni, upesi upesi, nikarudi. Sikuteleza.